Watu wa Ng'ombe Wajifunza Tanga

Mkuu wetu wa shule aliniambia kwamba hatampeleka mtoto wa mtu ziwani mpaka kwanza amwone mtu mzima wa shule hiyo akienda na kurudi. Aliyasema hayo bila ukali, akiwa ameinamia kikombe cha chai ofisini kwake, kisha akaniangalia juu ya miwani, kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na sasa anasubiri kuona kama mgeni atagonga tena.

"Mtu mzima yupi, Mkuu?" niliuliza.

"Wewe si mtu mzima?"

"Mimi ni wa Butiama, Mkuu. Kwetu maji tunayaona kwenye ndoo."

"Na mimi kwetu ni ng'ombe vilevile, wala mji huu haujanizamisha. Nenda ukajifunze. Ufike kwenye boya, urudi, na chombo kikipinduka walio ndani wakiinue bila msaada wa watu wa nje. Siku hiyo nitakupa watoto."

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, mgeni bado katika kazi, na shule yetu ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma, mahali ambapo ukifungua madirisha ya darasa upande mmoja unasikia bodaboda na upande wa pili unasikia ziwa. Kituo kimoja cha vijana kilichoko ufukweni kilikuwa kimeachiwa katamarani ndogo, chombo cha tanga, na mtu aliyehama mji. Kituo kiliahidi kuiazima shule yetu ili wasichana waanzishe klabu ya kusafiri kwa tanga, lakini kilitaka jibu kabla ya muhula kufungwa. Tusipojibu, chombo kingepelekwa Mwanza, ambako kulikuwa na watu wengi wa kukitumia. Wasichana walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Walikuwa wamekwisha hata kuchagua mwenyekiti, msichana wa kidato cha tatu mwenye sauti ya kutosha kuongoza mkutano wa hadhara.

Nilikuwa na sababu zangu za kulitaka jambo hili, na sababu hizo hazikuwa za mchezo. Wengi wa wasichana wetu wanatoka katika vijiji vya rasi, na shule ikifungwa huvuka maji kwa boti kwenda kwao. Kaka zao hujua kuogelea kabla ya kujua kusoma, kwa sababu huenda kuvua dagaa na baba zao. Wasichana huketi katikati ya boti, juu ya magunia, wameshika mabegi yao, na wakishuka upande wa pili hawajui zaidi juu ya safari ile kuliko yanavyojua yale magunia. Chuoni nilifundishwa kwamba elimu humpa mtu uwezo wa kuamua ndani ya mazingira yake, nami niliiamini kauli hiyo kwa namna vijana tunavyoamini mambo, yaani kwa kutaka yatimie kesho asubuhi. Sikuona nitawezaje kumchorea msichana ramani ya ziwa ubaoni, nimpe mtihani juu ya kina chake na mito inayoliingia, halafu nimwache alivuke kama mzigo.

Basi nikaenda kujifunza.

Aliyetufundisha tulimwita Kocha. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kijiji cha rasi, aliyejifunzia tanga Mwanza na kurudi na filimbi shingoni pamoja na sauti isiyohitaji filimbi. Kabla ya kuniruhusu kukigusa chombo alinifundisha kuogelea katika maji ya kifuani, kati ya yale mawe makubwa ya ufukweni, na muda wote aliniita "mchungaji wangu", akimaanisha wa ng'ombe, si wa kanisa. Kumtania mtu wa ng'ombe ilikuwa haki yake ya kuzaliwa, na mimi nilikuwa na haki ya kumjibu kwamba kwao wanakula furu, visamaki vidogo vya ziwani, na kuita hiyo nyama.

Mwanafunzi mwenzangu alikuwa Fundi, fundi cherehani wa Bunda, mnene wa mwili na wa maneno. Aliitwa kwa mara ya kwanza kuja kushona tanga lililokuwa limepasuka. Alipomaliza kazi alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kushona vazi asilione limevaliwa, na kuanzia siku hiyo kila Jumamosi asubuhi alipanda gari Bunda na kuja Musoma kuliona tanga lake likivaliwa na upepo.

Somo la kwanza la chombo lilifanyika mchangani. Katamarani hiyo ilikuwa na miili miwili myembamba, kama mitumbwi pacha iliyokonda, iliyounganishwa kwa mabomba ya alumini, na katikati kulikuwa na wavu mgumu uliovutwa kama kitanda cha kamba. Juu ya wavu huo ndipo watu hukaa. Nyuma kuna mkono wa usukani, na kutoka kwenye tanga inashuka kamba ambayo mwenye usukani huivuta ili tanga likaze, au huiachia ili tanga lilegee. Tulikaa humo, chombo kikiwa nchi kavu, Kocha akawa anapuliza filimbi na kutangaza upepo ambao haukuwepo, nasi tukawa tunainamisha vichwa na kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Vijana wa bodaboda wakasimamisha pikipiki zao kutazama.

"Madam, hiyo inakwenda wapi?"

"Ukerewe!" Fundi akajibu kwa niaba yangu.

"Mtafika lini?"

"Tukishapata maji!"

Tulipopata maji niligundua kwamba sikuwa mwanafunzi mbaya. Mkono wa usukani ulinitatiza kidogo, kwa sababu ukiusukuma kushoto chombo kinakwenda kulia, lakini jambo linalofuata kanuni halinisumbui kwa muda mrefu. Asubuhi upepo ukiwa mwepesi, nilikiongoza chombo mpaka karibu na boya la rangi ya chungwa lililotiwa nanga mbele ya kituo, nikakigeuza, nikarudi. Injini haikuwepo. Maji yalikuwa yanapita chini ya wavu, katikati ya ile miili miwili, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekunja karatasi, na mji wote ulionekana kwa upande ambao sikuwahi kuuona: mabati, miti, mnara wa kanisa, na yale mawe yaliyobebana kama mizigo ya mtu aliyehama na kusahau kurudi kuichukua. Fundi alikuwa amelala chali akilitazama tanga.

"Ule mshono wa tatu kutoka juu, Madam," alisema. "Hebu uangalie ulivyotulia. Watu wa Bunda tunashonaga."

Tatizo lilikuja na upepo wa kishindo. Kwenye ziwa letu upepo wa namna hiyo hujitangaza, kwa kuwa unayatia maji giza kabla ya kufika. Kocha alikuwa ametupa amri moja juu yake. "Ukiona maji yanakuja meusi, achia kamba. Usifikiri. Achia." Kamba ikiachiwa, tanga hulegea na kupigapiga bila nguvu, na chombo husimama. Kamba ikishikwa, tanga hujaa, mwili mmoja wa chombo huinuka hewani, na yanayofuata huhitaji taulo.

Maji yakaja meusi. Niliyaona vizuri. Kamba ikavuta mkono wangu, nami nikaishika. Si kwamba niliamua kuishika. Mwili wangu wenyewe ulikaza visigino, ukairudisha kamba nyuma ya kiuno, ukajiegemeza, na nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu anayefanya kazi anayoijua, mpaka nilipojikuta ndani ya ziwa.

Fundi akaibuka karibu yangu, kofia bado iko kichwani. "Kocha!" akaita kuelekea boti ya injini iliyokuwa ikitufuata. "Hili ni somo au ni ajali?"

"Ni somo!" Kocha akajibu. "Ikiwa ajali nitawaambia!" Kisha akanigeukia mimi. "Mchungaji wangu, kwa nini hukuachia?"

"Ilikuwa inavuta."

"Hiyo ndiyo sababu ya kuachia!"

"Kwetu hiyo ndiyo sababu ya kushika."

Nililijibu swali hilo kwa ukweli wote, na niliporudi chumbani kwangu jioni nililifikiria zaidi. Mtoto wa kwetu hupewa kamba mapema. Kwanza hupewa ya ndama, ndama anapotengwa na mama yake ili watu wakamue. Akikua hupewa ya ng'ombe anayepelekwa kutibiwa au kuuzwa. Hakuna anayemkalisha chini na kumwelezea kanuni, lakini hujua kwamba mnyama akikurupuka, kamba hupitishwa nyuma ya nyonga, visigino vinachimba ardhi, na mtu anaweza kuburutwa, kuchunika magoti na kupoteza kiatu, ila hawezi kufika nyumbani na mikono mitupu. Nilikuwa nimelelewa hivyo na kusifiwa kwa hivyo. Sasa nilitakiwa kuwa na mikono mingine.

Niliyajua yote hayo kichwani, na Jumamosi iliyofuata nikashika tena. Na iliyofuata. Tulipinduka mara nyingi kiasi kwamba kukiinua chombo likawa jambo tunalolifanya vizuri kuliko jambo lingine lolote. Ncha ya mlingoti ilikuwa imefungwa boya dogo ili chombo kisigeuke juu chini kabisa. Kikawa kinalala ubavu, nasi tunapanda juu ya mwili wa chini, tunaivuta kamba iliyorushwa juu ya mwili wa pili, tunaegemea nyuma, na uzito wa Fundi unafanya mengine.

"Mchungaji, hiyo siyo fahali!" Kocha alikuwa akipaza sauti. "Ni kitambaa tu!"

"Kitambaa nilichoshona mimi, Kocha," Fundi alijibu kutoka majini. "Kiheshimiwe."

Wasichana wa klabu walianza kuja kututazama kutoka juu ya mawe. Mwanzoni walinyamaza kwa adabu. Baadaye mwenyekiti wao alinifuata nikiwa nakamua maji kwenye nywele.

"Madam, samahani. Tunaweza kukusaidia kwa kupiga kelele?"

"Kelele gani?"

"Ya kukukumbusha."

Nikakubali, kwa kuwa muhula ulikuwa unakwisha na sikuwa na njia nyingine. Kuanzia hapo, kila maji yalipoingia weusi, kundi zima liliimba kutoka ufukweni, "Achia, Madam, achia!" Nikawa nawasikia vizuri sana, huku nimeshika.

Nilikuwa na wasiwasi wa kweli. Kama ningekuwa nimeshindwa kwa sababu ya woga, ningeupigia magoti na kuuombea. Lakini sikuwa na woga. Nilikuwa nashindwa kwa sababu ya tabia njema, na wasichana wale ndio ambao wangeendelea kukaa juu ya magunia.

Wiki ya mwisho kabla ya siku aliyoipanga Mkuu, nilikwenda nyumbani Butiama kuwasalimia wazazi. Nilimkuta baba uani akiwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akiwa na pampu mgongoni. Alikuwa amebakiza ng'ombe mmoja tu, jike jekundu lenye pembe fupi na hasira ndefu.

"Mwalimu, umefika wakati mzuri," alisema. "Nishikie huyu."

Nikashika kamba. Baba akaanza kumnyunyizia begani. Upepo ukapita juu ya migomba ukaitikisa yote kwa pamoja, ng'ombe akashtuka, akavuta, na mkono wangu ukafunguka. Ulifunguka wenyewe, wepesi kama mlango usio na komeo. Kamba ikapita vidoleni, na lile jike jekundu, lenye dawa upande mmoja na kupe upande wa pili, likatoka uani likaelekea kwenye mihogo ya jirani.

Baba alibaki na bomba la pampu mkononi. "Wewe! Umeachia?"

"Nimeachia, baba!"

"Nimekusomesha ili uje uachie ng'ombe?"

Mama akatoka jikoni na mwiko. Alimtazama mumewe, akatazama vumbi, akanitazama mimi niliyekuwa narukaruka pale uani nikiwa nimekishika kiganja changu kama kitu nilichokiokota. "Huyu anacheka nini?" aliuliza. "Ng'ombe yuko kwenye mihogo ya watu!"

Tulimfuata sote watatu. Jirani alikuwa mtu mpole, na ng'ombe hakuwa amekula zaidi ya alichokanyaga. Niliomba radhi kwa moyo wote na nikabaki kumsaidia jirani kurudishia udongo kwenye mashina yaliyong'oka. Njiani kurudi nikawaeleza wazazi habari za ziwa, tanga, maji meusi na amri ya Kocha. Baba alisikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa kwamba mahali fulani watu hutembea kwa mikono.

"Sawa," mama alisema hatimaye. "Ila ukija huku, uje na mikono ya huku."

Jumamosi ile Mkuu alifika ufukweni mapema, akiwa amevaa sketi yake ya bluu ya siku za kazi na ameshika viatu mkononi. Upepo ulikuwa wa wastani. Wasichana walikuwa wamejaa juu ya mawe. Fundi alikuwa amekwisha kukaa mahali pake kwenye wavu, na Kocha alikuwa kwenye boti ya injini. Nilimwonyesha Mkuu jiwe bapa lenye kivuli ambalo tulikuwa tumemwekea kiti.

"Hapo nitaona nini?" aliuliza.

"Utatuona tukienda mpaka kwenye boya na kurudi, Mkuu."

"Nitamwona mwalimu. Sitajua mtoto aliyekaa humo ndani anaona nini." Akamgeukia Fundi. "Baba, samahani, nipishe."

Fundi akanyanyuka kwa heshima kubwa na kuupangusa wavu kwa kofia yake. "Karibu sana, Mkuu. Nafasi hiyo nimeikalia vizuri. Haina tatizo lolote isipokuwa maji."

Kocha alimvalisha Mkuu jaketi okozi akalifunga kamba zote, na mimi nikaingia nyuma, nikiwa na usukani mkono mmoja na kamba ya tanga mkono wa pili, na mdomo mkavu katikati ya maji yote yale. Tukatoka. Mkuu alikaa wima kama aliyekaa meza kuu kwenye mahafali.  Kisha akashusha mkono, akagusa maji yaliyokuwa yakipita, akaurudisha.

"Hakina kelele," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nilidhani kitakuwa na kelele."

Tulifika kwenye boya. Nilimwambia, "Mkuu, inamisha kichwa," naye akainamisha. Tanga likavuka juu yake kwenda upande wa pili, chombo kikageuka kama kilivyotakiwa, na kutoka kwenye mawe vikasikika vigelegele. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Nikaelekeza pua ya chombo kwenye kituo, na hapo ndipo nilipoyaona maji yakija meusi, mapana, kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona kabla.

Niliachia. Naomba niliseme hilo wazi, kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuliona. Mkono ulifunguka kama ulivyofunguka uani kwetu. Kamba ikakimbia juu ya wavu, tanga likalegea na kupigapiga kama bati lililong'oka msumari, na chombo kikaanza kusimama, kitulivu, kama vile Kocha alivyoahidi siku zote.

Lakini Mkuu naye kwao ni ng'ombe. Aliona kamba inakimbia.

"Mwalimu! Kamba!" Na kabla sijajibu aliidaka kwa mikono miwili, akaipitisha nyuma ya nyonga, akachimba visigino kwenye bomba la alumini na kujiegemeza. Sijawahi kuona mtu akishika vizuri kuliko pale. Tanga likajaa lote.

"Achia, Mkuu!" nilipiga kelele.

"Ninayo!" alijibu. "Usiogope, ninayo!"

Kutoka ufukweni wasichana, waliodhani kosa ni langu kama kawaida, wakaimba kwa nguvu zao zote, "Achia, Madam, achia!" Upande wetu wa chombo ukainuka polepole kuelekea mawinguni, na Mkuu akapita mbele yangu akiwa bado ameshika.

Nilipoibuka nilimwona akielea karibu na tanga, jaketi limempanda mpaka masikioni, miwani ikining'inia kwenye mkufu wake. Hakuwa amepiga kelele. Midomo yake ilikuwa ikimaliza Salamu Maria.

"Mwalimu," alisema baada ya Amina.

"Naam, Mkuu."

"Tumepinduka."

"Ndiyo, Mkuu."

"Viboko?"

"Kocha amezunguka asubuhi yote kuangalia. Hawapo."

Boti ya injini ilikuwa imekaribia. "Nije?" Kocha akauliza kwa sauti. Nilimtazama Mkuu, na Mkuu akanitazama mimi. Sote wawili tulijua kwamba Kocha akigusa chombo kile, klabu imekwisha na katamarani inakwenda Mwanza. Sote wawili tulijua pia kwamba yeye ni mtu mzima aliyelowa, asiyejua kuogelea, na kwamba kumwacha majini kwa ajili ya sharti ni jambo ambalo mtu anapaswa kulifikiria.

"Mkuu, ukitaka atuchukue, nitamwita sasa hivi. Usalama wako kwanza."

"Je, ingekuwa mtoto?"

"Ningempa kazi, ili asipate muda wa kuogopa."

"Basi nipe."

Niliweka kiganja juu ya kichwa, ishara yetu ya kwamba tuko salama, na Kocha akapunguza injini akabaki pale pale. Nikaizunguka pua ya chombo kwa kuogelea nikaielekeza kwenye upepo. Nikahakikisha kamba ya tanga haijanasa popote. Nikapanda juu ya mwili wa chini, nikaidaka kamba ya kuinulia, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, ambao si mwingi. Mlingoti ukainuka kidogo ukarudi chini. Nikajaribu tena, ukarudi tena. Kule nyuma Fundi alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye jiwe kwamba yuko tayari kuogelea kuja, na wasichana walikuwa wamemshika shati.

"Mkuu, naomba upande hapa uvute nami."

"Nilisema kiinuliwe bila msaada."

"Bila msaada wa watu wa nje, Mkuu. Wewe uko ndani."

Alilifikiria hilo akielea. "Hiyo ni hoja," alisema, na kunyoosha mkono.

Kumpandisha kulichukua muda, na adabu iliwekwa kando. Hatimaye tulisimama pamoja juu ya ule mwili wenye utelezi, mimi nimemshika mkanda wa jaketi, nikamkabidhi kamba.

"Hii sasa, Mkuu, usiiachie kabisa."

"Afadhali," alisema, na kuipitisha nyuma ya nyonga.

Tukaegemea nyuma. Mlingoti ukatoka majini, tanga likamwaga ziwa lote lililokuwa limebeba, chombo kikasita, kisha kikasimama wima kwa kishindo na kutumwagia maji ya usoni. Kocha alipuliza filimbi mpaka akakosa pumzi. Nilimvuta Mkuu akarudi kwenye wavu, nikachukua kamba na usukani, na tukarudi polepole kuelekea kituo. Njia nzima alikuwa ameikalia mikono yake, mmoja chini ya kila paja, ili isifanye jambo lolote bila kumuuliza.

Tulipogusa mchanga wasichana walikuwa kimya kabisa. Walimwona Mkuu wa shule akishuka, maji yakimtoka kwenye mikono ya blauzi, na hakuna aliyejua sura gani inafaa kwa jambo kama hilo. Mkuu akawapitishia macho.

"Mbona mmenyamaza? Chekeni. Jumatatu nikimsikia mtu anacheka, atafyeka uwanja wote peke yake."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Fundi alitupita sote akaenda moja kwa moja kwenye tanga, akaupapasa mshono wa tatu kutoka juu na kutangaza kwamba umepona.

"Mwalimu," Mkuu aliniambia, akikamua upindo wa sketi. "Uliiachia ile kamba, au ilikuponyoka?"

"Niliiachia, Mkuu."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali jambo lililo kinyume cha malezi yake. "Basi watoto ni wako. Kwa sharti langu. Hakuna atakayeshika usukani kabla ya kupinduliwa, tena hapa karibu, nikiwa nimesimama hapa namwona. Na wavae suruali. Sketi hii imebeba nusu ya ziwa."

Kelele zilizofuata ziliwatoa ndege wote kwenye yale mawe. Mwenyekiti wa klabu alisubiri zitulie, kisha akauliza kwa sauti yake ya mkutano ni nani angependa kuwa wa kwanza kupinduliwa. Mikono yote ikapanda juu, ukiwemo wa Fundi, ambaye alikuwa amekwisha kupinduka kuliko mtu mwingine yeyote pale ufukweni isipokuwa mimi.